SOMO LA KIKUNDI: Upepo Ukiezua Paa, Tusilirudishe Jinsi Lilivyokuwa



Somo hili linahusu jambo ambalo kila mwaka linatupata hapa Machakos. Tunangojea mvua kwa hamu, tunaiombea, na inapofika mara nyingi inatanguliwa na upepo mkali. Kwa dakika kumi tu nyumba ya mtu inabaki kuta. Mvua ya Oktoba mpaka Desemba, ambayo sisi wakulima wa Ukambani tunaitegemea zaidi, huja hivyo, na ile ya Machi mpaka Mei pia. Wengi wetu tunakumbuka mvua ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Na ile ya Aprili 2024, mafuriko yalipoingia nyumba za watu huko Athi River, hatujaisahau.

LENGO LA SOMO: Mwisho wa somo kila mwanakikundi aweze kueleza (1) mambo ya kufanya siku ya kwanza baada ya paa kuharibika, (2) kwa nini paa huondoka, na (3) vile kikundi kitasaidia mwenzao ili paa lisiondoke tena.

VITU VYA KULETA: daftari, karatasi nyepesi, chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, chumvi kavu, mahindi kidogo, waya mnene na koleo.

MUDA: Saa moja na nusu. Mwenyekiti asome sehemu moja, kisha watu waongee kabla ya kwenda kwa ingine.

1. KOSA LETU WENYEWE

Tuanze na habari ambayo hatujivunii. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Novemba, upepo uliezua nyumba ya mama mmoja mjane upande wa Yatta. Kikundi chake kikaitana mwethya siku ile ile. Sisi wa ofisi ya maendeleo tukaleta misumari na mbao chache. Kufika siku ya pili jioni, mabati yote yalikuwa juu. Tulikunywa chai, tukaimba, tukapiga picha. Tulirudi ofisini tukiwa na furaha, tukaandika katika ripoti kwamba kazi imekamilika.

Aprili iliyofuata upepo ulirudi, ukalichukua paa lote tena, mabati pamoja na mbao zake. Safari hii bati moja lilimkata kijana wa yule mama kwenye mkono, akashonwa hospitali, na mpaka leo vidole viwili havikunji vizuri.

Tulipokwenda kuangalia, tuliona jambo la kutuaibisha. Misumari yetu haikuwa imeng'oka. Mabati yalikuwa bado yameshikana na mbao vizuri sana, lakini mbao zenyewe zilikuwa zimelazwa tu juu ya ukuta, bila waya hata mmoja wa kuzifunga. Ndivyo fundi wa kwanza alivyojenga, na sisi tulirudisha vivyo hivyo bila kuuliza. Kwa maneno mengine, tulirudisha paa pamoja na ugonjwa wake.

Mama huyo hakutulaumu. Alisema tu, "Nilidhani mnajua." Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

2. SAA YA KWANZA: WATU KWANZA, MALI BAADAYE

Upepo ukitulia, kila mtu anataka kukimbia kuokoa godoro na redio. Ngoja kwanza. Fuata mambo haya:

(a) Hesabu watu. Wazee na watoto wapelekwe kwa jirani. Aliyeumia apelekwe zahanati. Aliyekatwa na bati ama kuchomwa na msumari aulize kuhusu sindano ya pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo.

(b) Angalia stima. Kama waya wa stima umeanguka ama unagusa bati, usikaribie, usiuguse kwa fimbo, na usimruhusu mtu mwingine kukaribia. Wapigieni watu wa stima, mweke mlinzi hapo mpaka wafike. Kama meni swichi iko mahali pakavu na unaifikia bila kukanyaga maji, izime.

(c) Sola nayo si mchezo. Hata paneli iliyovunjika huendelea kutoa umeme jua likiwaka. Ifunike kwa gunia ama blanketi nzito, kisha umwite anayejua.

(d) Angalia kuta kabla ya kuingia. Paa likiondoka, ukuta hupoteza kitu kilichokuwa kikiushika juu. Ukiona ufa mpya, ama ukuta umeinama, ama matofali ya juu yamelegea, usiingie. Ukuta wa matofali yasiyochomwa ukinyeshewa usiku mzima unaweza kuanguka kesho yake, jua likiwaka.

(e) Usipande juu wakati upepo bado unavuma au mvua inanyesha. Bati lenye maji huteleza kama sabuni.

(f) Usilale na jiko la makaa. Familia ikihamia jikoni ama chumba kimoja kilichobaki, baridi huwafanya watu wafunge mlango na kuweka jiko ndani. Moshi wa makaa usioonekana umeua watu wengi wakiwa usingizini. Jiko likae nje.

(g) Kama ni paa la asbesto, kama lile la majengo mengine ya zamani ya shule na ofisi, msilivunje, msilikate, na watoto wasichezee vipande. Vumbi lake huharibu mapafu. Lilowesheni maji, mkae mbali, mumwambie chifu na watu wa NEMA.

3. SIKU YA KWANZA: FUNIKA, ANDIKA, ANIKA

FUNIKA. Hebu tupige hesabu. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita 8 kwa mita 5 ni mita mraba 40. Mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya jioni moja tu, ni lita 800 ndani ya nyumba. Hayo ni mapipa manne ya lita 200 yanayomwagwa kwa kuta na vitanda. Kwa hivyo turubai ama karatasi ya nailoni iwekwe siku hiyo hiyo. Usiipigilie misumari kwenye karatasi yenyewe, itararuka. Zungushia ukingo wake kwenye mti ama mbao mara mbili, kisha ufunge ile mbao kwa kamba. Na tuache tabia ya kuweka mawe juu ya mabati yaliyobaki. Upepo ukirudi, mawe hayo ndiyo huangukia watu. Afadhali magunia mawili ya mchanga yaliyofungwa kwa kamba moja, moja likining'inia kila upande wa paa.

ANDIKA. Kabla ya kugusa kitu, mtu mwenye simu apige picha za kila upande, ndani na nje. Kisha katibu aandike: tarehe na saa, mabati mangapi yameondoka, mangapi yanaweza kutumika tena, mbao ngapi zimevunjika, vyakula na vitu vilivyoharibika, na majina ya watu wawili walioshuhudia. Peleka habari kwa naibu wa chifu ama chifu haraka. Msaada wa kaunti ama wa Msalaba Mwekundu ukija, mara nyingi wataanza na orodha yake. Asiyeandikwa hupata shida kuhesabiwa baadaye. Mwenye bima, ama mwenye mkopo wa Sacco uliokuja na bima, aulize mapema kabla ya kutengeneza, maana wengine hutaka kuona kwanza uharibifu.

ANIKA. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Mwaka 2004, huku kwetu Ukambani, sumu ya kuvu inayoitwa aflatoksini iliwaua watu 125, wengi wakiwa Makueni na Kitui, kwa sababu ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Paa likiondoka, mahindi ya ghalani hunyeshewa, na hapo ndipo kuvu huanza. Kwa hivyo:

- Tenganisha magunia yaliyolowa na yale makavu siku hiyo hiyo.
- Anika mahindi yaliyolowa juu ya turubai, si juu ya udongo, na uyageuze mara kwa mara.
- Kuyapima, weka mahindi robo ya chupa kavu, ongeza chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, funika, tikisa kwa dakika chache, kisha acha dakika 15. Chumvi ikishika kando ya chupa, mahindi bado yana maji. Isiposhika, anika siku moja zaidi ndipo uweke ghalani.
- Mahindi yaliyoota kuvu yasiliwe. Kuchemsha hakuondoi sumu hii, kukoboa na kusaga hakuimalizi. Usimpe ng'ombe pia, kwa sababu sumu huingia katika maziwa.

Tunajua kutupa chakula ni uchungu, hasa mwaka wa njaa. Lakini paa hununuliwa tena, mtoto hanunuliwi.

4. KWA NINI PAA HUONDOKA?

Watu husema, "Upepo ulisukuma paa." Kweli, lakini zaidi upepo huinua. Fanyeni jaribio hili sasa hivi. Mmoja wenu ashike karatasi nyepesi kwa ukingo wake, chini kidogo ya mdomo, upande wa pili ukilegea. Apulize kwa nguvu juu ya karatasi. Mtaona karatasi inainuka, badala ya kusukumwa chini. Ndivyo upepo unavyofanya ukipita juu ya mabati.

Wakati huo huo upepo mwingine unaingia chini, kupitia mlango ulioachwa wazi, dirisha lisilo na kioo, na pale paa linapojitokeza nje ya ukuta. Unainua kutoka ndani, kama mwavuli unavyoinuliwa. Na mabati ni mepesi. Bati moja mtoto wa shule hulibeba kichwani. Uzito wake pekee hauwezi kulishikilia paa.

Kwa hivyo swali la kuuliza si "misumari ni mingapi?" Swali ni hili: "Paa hili limefungwa na nini chini?" Fikirieni mnyororo wa pete nne. Bati limeshikwa na fito. Fito zimeshikwa na kombamoyo. Kombamoyo limeshikwa na mbao inayolala juu ya ukuta. Mbao hiyo imeshikwa na ukuta wenyewe. Pete moja ikikosekana, nyingine zote hazina kazi. Katika nyumba ya yule mama, pete ya nne haikuwepo kabisa.

Basi kabla ya kurudisha, nendeni mtazame mahali paa lilipoachana. Je, ni misumari iliyong'oka? Ni bati lililoraruka kwa kutu? Ni mbao iliyoliwa na mchwa? Ama paa zima liliruka na mbao zake? Mahali lilipoachana ndipo pa kutengeneza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. KULIRUDISHA VIZURI

Tafuta fundi anayejulikana kijijini. Baada ya upepo hutokea watu wasiojulikana wakidai pesa zote mbele, na asubuhi huwaoni. Andikeni mapatano, lipeni kidogo kidogo kazi inavyoendelea, na mwenye nyumba anunue vifaa mwenyewe, risiti abaki nayo. Kisha kikundi kihakikishe mambo haya:

Kwanza, mbao ya ukutani ifungwe na ukuta. Kama ni nyumba ya matofali, toboeni ukuta chini ya safu ya tatu kutoka juu, mpitishe waya mnene usio na miiba, uzunguke mbao na urudi, kisha msokotwe kwa koleo mpaka ukaze. Kama mnajenga upya, waya uwekwe ndani ya ukuta wakati matofali yanapangwa. Ukifungia tofali la juu pekee, upepo utaondoka na tofali. Nyumba ya miti na udongo, waya ufungwe kwenye nguzo zilizochimbiwa chini.

Pili, kila kombamoyo lifungwe na mbao ya ukutani, kwa waya ama kwa ukanda mwembamba wa chuma unaouzwa kwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Msumari peke yake hung'oka kwa sababu upepo huvuta kwenda juu, kule kule msumari ulikotoka.

Tatu, fito zifungwe vizuri, hasa zile za ukingoni na karibu na kofia ya paa. Upepo huanza kufungulia hapo.

Nne, misumari ya mabati iwe ile yenye kofia na raba. Ipigiliwe juu ya mgongo wa bati, si katika bonde, maana maji hupita bondeni. Ukingoni misumari iwe karibu karibu kuliko katikati. Bati lilale juu ya mwenzake angalau inchi 6 kwa urefu, na kando lipite mgongo mmoja na nusu.

Tano, paa la veranda litengwe na paa kubwa. Veranda hushika upepo kama tanga la mashua. Ikiwa ni kipande kimoja na nyumba, itaondoka na paa lote. Ikitengwa, unapoteza veranda na nyumba inabaki.

Sita, ukinunua mabati kumbuka kwamba namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30, na geji 28 ni nene kuliko zote mbili. Ukiwa na pesa kidogo, usikimbilie kununua mabati mapya yote. Nunua waya kwanza.

Mabati ya zamani msiyauze upesi kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Mengi hunyooshwa juu ya gogo kwa nyundo ya mbao. Mashimo ya zamani yazibwe kwa lami, na misumari ipigwe mahali papya. Yaliyotoboka sana yaende jikoni ama kwa banda la mbuzi. Wanaookota mabati wavae viatu na kuzungushia mikono vitambaa vizito.

Mwisho, safisheni gata, na mvua ya kwanza msiiruhusu iingie tangini. Itakuwa na kutu, majani na uchafu.

6. KAZI YA KIKUNDI

Babu na nyanya zetu walichimba matuta ya vilima hivi kwa mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule. Miaka ya 1960 na 1970, akina mama wa mkoa wa Kati walianzisha vikundi vya mabati, wakichanga pesa na kuezeka nyumba za wanachama kwa zamu, mpaka kila mmoja akaondoka kwa nyasi. Kwa hivyo hatuanzi jambo geni.

Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza ni mfuko wa paa, ukae mbali na pesa za mikopo. Wanachama 20 wakitoa shilingi 50 kila wiki, ni shilingi 1,000 kwa wiki na shilingi 52,000 kwa mwaka. Andikeni sheria mapema: nani anasaidiwa, kwa kiasi gani, na nani hutia sahihi. Mjane na mzee asiye na mtoto karibu wafikiriwe kwanza, hata kama michango yao imechelewa.

La pili ni siku ya waya. Kila mwaka, mwezi wa Februari na mwezi wa Septemba kabla ya mvua, kikundi kitembelee nyumba za wanachama zote. Angalieni ile pete ya nne. Kazi ya kufunga waya nyumba moja ni ya asubuhi moja. Kata pia matawi makavu yaliyo juu ya nyumba.

Tulirudi kwa yule mama mara ya tatu. Safari hiyo hatukupiga picha. Tulishinda siku nzima tukitoboa ukuta na kusokota waya, na yeye mwenyewe alishika koleo. Pepo kali zimepita hapo misimu kadhaa tangu wakati huo, na paa bado liko.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nyumba ngapi za wanakikundi wetu zilizofungwa waya kwa ukuta? Nani hajui juu ya nyumba yake?
2. Paa la mwisho kuondoka hapa kijijini liliachana wapi? Lilirudishwa vipi?
3. Mahindi ya mwenzetu yakilowa na hana mengine, kikundi kitafanya nini ili asiyale?
4. Tunaweza kutoa shilingi ngapi kwa wiki kwa mfuko wa paa bila kumuumiza aliye maskini zaidi?

KAZI YA NYUMBANI: Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja aingie ndani ya nyumba yake mchana, atazame juu mahali mbao inapolala kwa ukuta, na aandike alichokiona. Asiyeweza kupanda amwombe kijana amwangalizie. Katibu akusanye majibu yote, na mpange ni nyumba gani itakayoanza.